Mwanamke Aliyeombea Mawingu

Mama Pacha ndiye aliyelileta neno lile uani, asubuhi moja tukiwa tunafua. Hakulitoa kwa kelele. Alikamua kwanza shuka lake, akatupia jicho mlango wa chumba cha kona, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anayetukatia umeme tunaishi naye ua mmoja. Nikadhani anatania. Akaniambia nihesabu mwenyewe: kila siku ambayo Dada Betri anawahi kurudi, taa huzimika hata hajavua viatu. Siku akichelewa, taa zinawaka mpaka tuzichoke wenyewe.

"Sasa wewe unaona hiyo bahati?" aliniuliza. "Anafunga kazi, anafunga na umeme wetu, anakuja kulala. Sisi tubaki tunapapasa kuta."

Nilicheka, kwa sababu Mama Pacha namjua. Ukimpa sisimizi asubuhi, jioni anakurudishia ng'ombe. Lakini neno lenyewe lilinikaa kifuani. Mimi nina friza. Ni kuukuu, mlango wake naufunga kwa mpira, ila ndilo linalonivisha na kumvisha mwanangu. Nagandisha juisi ya limau kwenye vifuko vidogo, naviuza shuleni saa ya mapumziko. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi, huliita friza hilo "mkwe", anasema naliheshimu kuliko mama yake. Basi mtu akisema umeme unakatwa na fulani, hata kama ni uzushi, sikio langu halilali.

Huyo Dada Betri alihamia mwaka juzi, na begi moja, godoro, na viatu vizito vya kazini ambavyo alivivua mlangoni kabla ya kuingia, kama anaingia chumba cha mtu mwingine. Jina hilo alipewa na watoto wa ua walipojua anafanya kazi kwenye kituo cha betri, kule nyumba zinakoishia, pembeni ya shamba la mitambo ya jua. Hakulikasirikia. Alisema bora wamwite Betri kuliko Soketi, ambayo kila mtu anachomeka anavyotaka.

Kilichowasumbua watu kwake ni saa zake. Alitoka saa tisa alasiri, wenzake wanaporudi, na kurudi saa nne usiku, milango ikiwa imeshafungwa. Asubuhi yote yupo, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, anachambua mchele au anashona kifungo, kila mara akiinua macho angani. Mwanamke wa kutoka jioni, bila mume, bila mtoto, unajua yanayosemwa. Mimi sikuyasema, lakini sikuyakataza pia, na hilo najua si jambo la kujisifu.

Mimi si msemaji sana. Shule niliishia ya msingi, na nikikaa na wenye maneno mengi nawaacha wayamalize. Mwanangu anaponyonya, mikono yangu haina kazi nyingine, hivyo macho ndiyo yanayofanya kazi. Na macho yangu yaliona kitu kwenye kamba ya nguo kabla ya watu wote: gauni la mtoto. Jipya, la njano, limefuliwa ili lilainike, linaning'inia katikati ya suruali mbili za kazi. Siku ya pili halikuwepo. Miezi mitatu baadaye lilianikwa jingine, la buluu, na lilikuwa refu kidogo kuliko lile la kwanza. Kisha la tatu, refu zaidi. Magauni yanakua, mtoto haonekani.

Lile la tatu nilimwanulia mvua ilipoanza. Nilimpelekea limekunjwa, nikamwambia ni zuri. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipima kifuani kwake, akaniambia ni la Kadogo, bintiye wa miaka sita anayekwenda saba. Yuko kwa bibi yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Anamkadiria urefu kwa kumuuliza huyo bibi, ambaye ni mama yake mzazi, kwa simu: kichwa kinafika wapi mlangoni sasa, kwenye kitasa au juu ya kitasa? Nikamuuliza baba mtu. Akacheka kidogo. Baba, alisema, alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo hukohuko.

Tangu hapo tukawa tunakaa pamoja asubuhi, yeye na kigoda chake, mimi na mwanangu na ndoo ya malimau. Nilimuita dada kwa sababu amenizidi miaka kama minane. Yeye aliniita mdogo wangu. Alinisaidia kufunga mafundo ya vifuko na hata hilo alilifanya kama mtu wa mitambo, kila fundo sawa na jingine.

Kuna siku kituo kilifungua milango kwa wakazi, kwa sababu watu walikuwa wanasema vile vitu siku moja vitalipuka vitupeleke sote. Nikaenda, mtoto mgongoni. Ni uwanja wa zege, na juu yake makontena meupe, nilihesabu ishirini na nne, yamepangwa safu kama madawati. Hayana moshi. Yanavuma tu, feni zake zinazunguka kupooza betri zilizojaa ndani kutoka sakafuni hadi darini. Ukiweka kiganja kwenye ukuta wa kontena unasikia mtetemo mdogo, kama unapomshika paka.

Dada alitueleza bila makuu. Mchana, alisema, jua linatoa umeme mwingi wakati nyumba hazina watu, na umeme haujui kusubiri. Usipotumika muda huohuo umepotea. Kwa hiyo betri zinaumeza. Jua likianza kuzama saa kumi na mbili, mitambo ya jua inalala, na wakati huohuo ndipo mji mzima unarudi nyumbani: pasi, majiko, televisheni, pampu za maji, vyote kwa pamoja. Hapo betri zinaanza kutema zilichomeza. Yeye kazi yake ni kukaa mbele ya vioo viwili vya kompyuta, kuangalia joto la kila kontena, kupokea maelekezo ya makao makuu, na kuhakikisha sehemu moja ya tano inabaki haiguswi. Ikifika hapo anafunga, anaandika kwenye daftari la zamu, anamkabidhi mlinzi, anaondoka.

Mzee mmoja akauliza, sasa hiyo ya tano mnamwekea nani? Akasema, laini kubwa. Umeme mwingine unatoka mbali, kwenye mabwawa, kwa nguzo nyingi, na nguzo moja ikianguka mji unaweza kuzimika wote na kukaa hivyo saa nyingi. Iliwahi kutokea, mwaka uliopita, saa moja jioni. Laini ilikatika na betri zikadaka mzigo kabla mtu hajafumba na kufumbua. Sisi sote tuliokuwa pale tulitazamana. Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu hakuna taa iliyopepesa.

"Mimi nilitetemeka nusu saa," alisema. "Asubuhi yake nikakuta watu uani wanagombania kamba ya nguo. Kazi yetu ikienda vizuri hakuna anayejua kama tupo."

Watu wakapiga makofi kidogo, wakaenda kunywa soda. Mimi nilibaki kwenye chumba chake cha kazi, chenye baridi ya kiyoyozi mpaka anavaa sweta mchana. Mlangoni palikuwa na kijisanduku cha chuma chenye vitundu, kila mfanyakazi anaacha simu yake humo, maana wakati wa kutoa umeme mtu hatakiwi kushika simu yoyote isipokuwa ile ya mezani ya makao makuu. Nikiwa nimesimama pale mlio ukaanza ndani ya kisanduku. Akaufuata, akauzima. Nikamuuliza ni nani. Hakuwa mtu. Simu ilikuwa imezimika chaji, saa yake ikavurugika, naye akasahau kuipanga upya; ulikuwa mlio wa kumkumbusha, alioutega kwa ajili ya saa moja na nusu jioni, ambayo ndiyo saa Kadogo anamaliza kula na kunawa miguu. Saa mbili analala. Mlio unalia kila siku ndani ya chuma, naye anausikia akiwa kwenye kiti, macho kwenye vioo. Hawezi kuinuka akapiga. Asubuhi Kadogo yuko shule, mchana yuko kwa wenzake na simu ya bibi haimkuti.

Basi nikaelewa kwa nini huyu mwanamke alikuwa anatazama juu kila asubuhi. Siku za mawingu mazito, betri hazijai. Zikiwa nusu, zinafikia ile sehemu ya tano mapema, saa moja hivi, na makao makuu wanakata mitaa kwa zamu. Naye anafunga, anawahi kurudi, na saa mbili kasoro yuko mlangoni kwake na simu sikioni, anauliza umekula nini, nani kakusuka, nionyeshe kwa maneno. Mji mzima unaomba jua. Yeye, aliniambia asubuhi moja akiwa anafunga fundo la kifuko, huku akicheka asinitazame, huombea mawingu. "Nisamehe mdogo wangu, najua friza lako."

Nilimpelekea Mama Pacha maelezo hayo, si ya kuomba mawingu, hayo nilikaa nayo, bali ya mawingu yenyewe. Nikamwambia Dada hatukatii. Giza na kurudi kwake mapema vinaletwa na mvua ileile. Mama Pacha alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ni mawingu gani hayo yanayovaa viatu vya kazi. Nikamwacha. Lakini moyoni nilitulia. Nilikuwa na jibu langu, na jibu lilikuwa la kweli.

Mwezi uliofuata mvua zilishika. Kwa wiki tatu Dada alikuwa anarudi kabla ya saa mbili, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. Nilimsikia kupitia ukuta akiimba nusu ya wimbo wa kuhesabia, akisubiri upande wa pili umalizie nusu nyingine. Mimi barafu zangu zilikuwa laini kama uji, lakini sikununa. Kuna siku nilijikuta naangalia mawingu nikasema haya, leo ni yake.

Kisha mvua zikakatika. Jua likarudi kali, betri zikajaa, taa zikarudi kuwaka mpaka tuchoke, na mlango wa kona ukarudi kufunguliwa saa nne. Asubuhi alikuwa anakaa kwenye kigoda bila kushona chochote. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, mtoto tu amezoea kuongea, sasa kila jioni anamuuliza bibi kwa nini mama kaacha kupiga.

Siku ya Alhamisi, jua lilikuwa limewaka kutwa. Nilikuwa nimejaza friza vifuko mia na ishirini kwa sababu kesho yake shule ilikuwa na michezo. Giza lilipoingia tu, umeme ukakatika. Nilitoka nje nikatazama: mtaa wetu na ule wa juu yetu, kiza, kule chini taa zinawaka. Muda si mrefu nikasikia hatua za haraka, Dada anaingia uani karibu anakimbia, hakunisalimia, akajifungia. Nikasikia sauti yake ndani, ya furaha, halafu ikanyamaza ghafla.

Umeme haukurudi mpaka alfajiri. Asubuhi nilimwaga vifuko mia na ishirini vya maji ya limau kwenye mfereji, kimoja kimoja, nikivikata kwa mkasi ili mifuko niioshe. Mume wangu alitaka kunichekesha, akasema leo mfereji una bahati, una limau na sukari. Sikucheka. Mama Pacha alipita na ndoo, akatazama mfereji, akatazama mlango wa kona, akaenda zake. Nami kwa mara ya kwanza jibu langu la mawingu lilikosa pa kusimama, maana mawingu hayakuwepo.

Siku mbili sikumuona kwenye kigoda. Jumapili asubuhi nilikuwa nakamua malimau alipokuja, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Alimpa mwanangu kidole ashike. Alikataa kigoda, akakaa chini kwenye kizingiti changu, akasema ana jambo la kuniomba lakini kuna jingine lazima litangulie, kwa sababu hataki nimsaidie bila kumjua.

Akanieleza, taratibu, akiangalia vidole vya mtoto. Wiki ile mawasiliano ya kompyuta kati ya kituo na makao makuu yalikuwa mabovu, kwa hiyo walikuwa wanampigia kila nusu saa awasomee kiasi kilichobaki. Alhamisi mchana mama yake alimtumia ujumbe kwamba Kadogo ameng'oka jino la kwanza, amelikunja kwenye karatasi, na amefumba mdomo. Anasema hamwonyeshi mtu pengo wala haongei na yeyote mpaka aongee na mama. Hata chakula alikula amefunika mdomo kwa mkono. Saa moja kamili makao makuu walipiga. Kwenye kioo palikuwa na thelathini na nne kwa mia. Akasoma ishirini, yaani ile sehemu ya tano.

"Sikupanga," alisema. "Mdomo ulisema wenyewe. Na wao wakaniamini, kwa sababu sijawahi kukosea."

Wakakata mitaa miwili, wakamwambia afunge. Akawahi. Kadogo akafungua mdomo, akaongea, na kila neno lilitoka na upepo pembeni. Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu kupitia ukuta akanisikia mimi namwambia mume wangu kwamba barafu zimeshaanza kutoa maji, tufanyeje. Kesho yake akasikia pia kwamba kwenye zahanati ya mtaa wa juu muuguzi alimzalisha mama mmoja kwa mwanga wa tochi ya simu, akiwa ameishika kwa meno. Mama na mtoto wazima. Lakini kwa meno.

Kwenye daftari la zamu mkono wake ulikataa kuandika ishirini. Aliandika thelathini na nne, akatia sahihi, na mkuu wa kituo akaliona asubuhi. Akapewa barua ya onyo. Ya pili haipo, ya pili ni kwenda nyumbani. Akaomba abadilishiwe, awekwe zamu ya asubuhi, afanye kazi ya kujaza badala ya kutoa. Mkuu akamwambia zamu ile ina wanaume wawili na haiwezekani kuwaondoa, wao wana familia. Alipofika hapo akampangusa mwanangu udenda kwa kona ya kanga yake.

 Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Niliwaona wale watoto wa michezo wakinunua soda kwa mwingine. Nilikuwa na hasira pia kwa ajili ya yule mama wa zahanati, kwa sababu mimi mwenyewe nilijifungua usiku na najua kutafuta uso wa mkunga kwa macho. Na ndani ya hasira hiyohiyo nilikuwa namuona mtoto amefumba mdomo kutwa nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Niliendelea kukamua. Limau likaingia kwenye mkato wa kidole changu, nikaona afadhali, angalau kuna kitu kinachouma ninachokielewa.

Nikamuuliza ombi lenyewe ni lipi.

Akasema mama yake miguu imekwisha. Kaka yake mkubwa anakuja kumchukua mwisho wa mwezi akae kwake, na kwake hakuna nafasi ya mtoto mwingine. Wameshakaa kikao: Kadogo aende kwa shangazi yake, upande wa baba, kule ambako hata basi linabadilishwa mara tatu. Shangazi ni mtu mwema, ana nyumba, ana jioni zake zote. Dada amewaomba wampe wiki mbili ajipange amchukue mwenyewe. Wakamuuliza jambo moja tu: jioni atakaa na nani?

Mlango wa Mama Pacha ulikuwa wazi nusu, na ndoo iliyokuwa ikijazwa bombani ilikuwa imefurika muda mrefu bila mtu kuifunga. Dada aliona. Hakupunguza sauti.

"Mdogo wangu, barafu zako nitazilipa, hata ukisema hapana nitazilipa," alisema. "Lakini naomba unishikie Kadogo jioni. Anatoka shule saa tisa, ndiyo saa ninayoondoka. Ale mnachokula, hachagui. Alale na mwanao, hapigi mateke. Ila kuna kitu kimoja. Mimi nitafika saa nne, atakuwa usingizini, na wewe utanionea huruma nimechoka. Usiniambie nimwache mpaka asubuhi. Niruhusu niingie nimbebe."